Neno «Bilulu» Lilitoka Wapi?

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yameandikwa kwa ajili yako wewe ambaye hukuyasikia



Juzi nilikuwa sokoni hapa Dilolo. Lori lilikuwa limefika kutoka upande wa Kasaji, watu wanashuka na mizigo yao: magunia, masufuria, magodoro, watoto wamelala migongoni mwa mama zao. Karibu nami alisimama mtoto wa miaka kama kumi, muuza maji. Akamwambia mwenzake: «Angalia, bilulu bamefika.» Nikamwita pembeni, nikamwuliza: «Mdogo wangu, umesema nini?» Hakuogopa, kwa sababu hakujua kosa lake. Akanijibu: «Si ni jina ya kabila yabo, yaya?»

Jibu hilo lilininyima usingizi. Mtoto yule hakuwa na chuki. Alikuwa na neno tu, na neno lenyewe alilirithi, kama mtu anavyorithi panga la babu bila kuambiwa lilifanya nini. Bilulu maana yake ni wadudu. Kila mtoto anayesema Kiswahili chetu anajua kilulu ni nini: ni kile kinachotoboa mahindi ghalani na maharagwe ndani ya gunia. Lakini alipoonyesha watu kwa kidole, hakuwa akifikiri wadudu. Kwake yeye lilikuwa jina kama Lunda, kama Chokwe, kama Luvale. Hapo ndipo nilipoona hatari. Tusi likikaa siku nyingi midomoni mwa watu halisikiki tena kama tusi. Linakuwa jina.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze, mimi na wewe, juu ya maneno tunayoyatunga sisi wenyewe. Mimi si mwalimu wa lugha. Nilisoma sheria, na kazi yangu ni kuwafundisha raia haki zao na wajibu wao. Lakini katika kazi hiyo nimeona jambo moja: kabla kesi haijafika kwa hakimu, kabla jiwe halijarushwa, kuna neno lililotangulia. Tufuate basi historia ya maneno hayo hapa kwetu, ili tujue lipi la kulitunza na lipi la kulitupa.

Neno huzaliwa na kazi

Sisi watu wa Katanga hatujawahi kuwa maskini wa maneno. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ya kwenda Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo, ilikamilika mwaka 1928 na kuunganisha Katanga na Kasai. Mwaka 1931 reli itokayo bandari ya Lobito, kule Angola, ikaungana na reli ya Katanga kwa kupita hapa hapa Dilolo. Watu wakaja kutoka kila upande: Lunda, Chokwe, Bemba, Sanga, Luba wa Katanga na Luba wa Kasai, Songye, hata watu wa Rwanda na Burundi. Wakawekwa katika kambi moja, wakaamshwa kwa king'ora kimoja, na wakakutana na mambo ambayo babu zao hawakuwa na majina yake.

Wakafanya nini? Wakatafuta majina. Chakula kilichopimwa na kugawiwa kila juma kikaitwa posho. Msimamizi mweusi aliyesimama kati ya mzungu na wafanyakazi akaitwa kapita. Kitu kidogo cha kumpa mtu ili jambo lako lipite kikaitwa matabishi. Maneno mengine yalitoka Ulaya, mengine yalitoka pwani, mengine kwa majirani. Sisi tuliyachukua, tukayavalisha nguo zetu, yakawa yetu.

Mwaka 1965 mtu mmoja aitwaye André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya wale waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu. Kitabu hicho cha historia alikiita «Vocabulaire», yaani kitabu cha maneno. Jina hilo linatufundisha kitu. Kwa mtu aliyefua nguo na kupika jikoni mwa mwingine, kueleza historia ya mji na kueleza maneno ya mji ilikuwa kazi moja.

Na pale shida ilipozidi, tulitunga maneno ya kuchekea shida. Baada ya uhuru wa 1960, wakati wa dola la Kasai ya Kusini, watu walianza kusema kwamba katiba ina kifungu cha 15, na kifungu hicho kinasema: jitafutie mwenyewe. Mpaka leo, mama anayeuza ndizi barabarani ukimwuliza anaishije, atakwambia: «Ni article 15.» Anacheka, na wewe unacheka, lakini mmeelewana kwamba serikali imewaacha.

Angalia maneno hayo yote: posho, kapita, matabishi, article 15. Yanataja kitu, kazi, tendo, au hali ya maisha. Hakuna hata moja linalomtoa mtu katika ubinadamu wake.

Neno linalopanga watu

Lakini palikuwapo maneno ya aina nyingine, yaliyotoka juu. Serikali ya kikoloni ilimwita Mwafrika aliyesoma «évolué», maana yake mtu aliyekwisha kuendelea. Mwaka 1948 ikaweka kadi ya sifa ya uraia kwa watu wa namna hiyo, na mwaka 1952 ikaongeza cheti kingine cha juu zaidi. Fikiri ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja amepewa karatasi, mwingine hakupewa. Yule asiye na karatasi anaitwaje? Hakupewa jina, lakini jina lake lilijulikana: yeye ni wa nyuma. Ndivyo yanavyofanya kazi maneno yanayopanga watu. Ukimpa mmoja sifa, umemhukumu mwingine bila kumtaja.

Desemba 1957 palifanyika uchaguzi wa komini Elisabethville. Waliochukua uongozi wa komini za Waafrika hawakuwa wazaliwa wa Katanga. Wengi walikuwa watu wa Kasai. Mwaka 1958 kikaundwa chama cha Conakat, na neno likaanza kuzunguka: «Katangais authentique», Mkatanga wa kweli.

Hapa lazima niseme haki, kwa maana amani isiyosema haki haidumu. Lalamiko la wenyeji lilikuwa na sababu. Waliona kazi za ofisini na nyumba nzuri zikienda kwa wengine. Lakini ni nani aliyechagua nani asome, nani aandikwe kazi, nani aletwe kwa treni kutoka mbali? Ni kampuni na serikali ya mkoloni. Neno «wa kweli» halikumshitaki mkoloni. Lilimshitaki jirani. Kwa maana yupo Mkatanga wa kweli, basi yupo wa uongo; na huyo wa uongo ndiye aliyelala nyumba ya pili, aliyezaliwa kambini kama wewe, na baba yake aliletwa na kampuni ile ile iliyomleta baba yako.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kujitenga. Mwaka 1961 Waluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa Elisabethville wakiogopa maisha yao, na mwaka 1962 wengi walipelekwa Kasai. Katanga ya Tshombe ilikwisha Januari 1963, na mji wake wa mwisho ulikuwa Kolwezi. Bendera ikashushwa, lakini neno halikushushwa.

Sisi wa Dilolo, neno lilitupata pia

Pengine wewe wa Dilolo unasema: hayo ni mambo ya Lubumbashi na Kolwezi. Hapana. Waulize wazee.

Tarehe 8 Machi 1977 askari wa FLNC, wengi wao masalia ya jeshi la Tshombe, walivuka kutoka Angola. Wakachukua Dilolo, Kisenge, Kasaji, wakafika Mutshatsha. Mobutu aliokolewa na askari wa Morocco walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Vita hiyo ikapewa jina: vita ya siku 80. Mei 1978 wakarudi, wakaingia Kolwezi tarehe 13, na askari wa Ufaransa wakashuka kwa miamvuli tarehe 19. Mamia ya watu walikufa, Wakongo na wageni. Nayo ikaitwa vita ya siku 6.

Majina hayo yanahesabu siku za askari. Hayahesabu siku za wanakijiji. Kwa mtu wa Dilolo vita haikwisha siku ya 80. Watu wengi walikimbilia Angola, na waliobaki walikuta kwamba lugha yao yenyewe imekuwa ushahidi dhidi yao. Aliyesema Kilunda au Kichokwe aliweza kuitwa muasi kwa kufungua kinywa tu. Hata Nguz Karl-i-Bond, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje na mtoto wa Lunda, alikamatwa mwaka 1977, akahukumiwa kufa kwa uhaini, kisha baadaye akasamehewa.

Kwa hiyo sisi tunajua. Tunajua jinsi neno moja, «muasi», linavyoweza kutoka kwa mtu mwenye bunduki na kumwangukia mama aliye shambani mwake. Watu walioonja hayo ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kulikataa neno la namna hiyo linapomwangukia mwingine. Lakini historia inaonyesha kwamba tulisahau haraka.

Miaka ya wadudu

Tufike sasa kwenye neno la mtoto wa sokoni.

Ilikuwa miaka ya njaa na hasira. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Septemba na Oktoba 1991 miji mingi ya nchi iliporwa, askari wakiwa mbele. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Mshahara haukuja, na pale mshahara unapokosekana, watu hutafuta nani wa kulaumiwa.

Huko Kinshasa wanasiasa walikuwa katika Mkutano Mkuu wa Taifa. Nguz, yule yule wa 1977, alikuwa rais wa chama cha UFERI na waziri mkuu tangu Novemba 1991. Gavana wa jimbo, lililokuwa likiitwa Shaba, alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama hicho hicho. Agosti 1992 Mkutano ukamchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz. Moto ukawaka.

Lakini kuni zilikuwa zimekwisha kukusanywa, na kuni hizo zilikuwa maneno. Neno la kwanza lilikuwa la wasomi: «géopolitique». Kwa kitabu ni elimu ya nchi na nguvu zake. Kwetu lilipewa maana mpya: kila cheo kipewe mzaliwa wa jimbo. Neno safi, la chuo kikuu, lisilonuka damu. Neno la pili lilikuwa la barabarani: bilulu. Neno la wasomi lilisema watu hawa waondoke kazini. Neno la barabarani lilisema watu hawa si watu. Moja bila lingine lisingefika mbali.

Mashirika ya haki za binadamu yaliandika wakati ule ule jinsi hotuba za wakubwa na vijana wa chama zilivyochochea watu. Agosti na Septemba 1992 ilikuwa Likasi. Machi 1993 ikawa Kolwezi. Nyumba zilichomwa au kutwaliwa. Watu wakafukuzwa kazini na mitaani. Familia zilijazana katika vituo vya treni na mashuleni, zikisubiri kwa majuma na miezi treni ya kuwapeleka Kasai. Watoto walikufa hapo kwa njaa na magonjwa. Waliofukuzwa walihesabiwa kwa malaki.

Walipofika Kasai, neno jingine likawangojea: «refoulé», aliyerudishwa. Lakini mtu aliyezaliwa Likasi, na baba yake akazaliwa Likasi, anarudishwa wapi? Hakuwa na nyumba kule, wala shamba, na wengine hawakuijua lugha ya kule sawasawa. Huku aliitwa mdudu kwa sababu ni wa kule. Kule aliitwa aliyerudishwa kwa sababu ni wa huku.

Nami nikutajie jambo linaloniuma kama mtu wa sheria. Tangu tarehe 7 Juni 1966 nchi yetu ina sheria-amri namba 66-342 ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Inamtia hatiani mtu anayeonyesha chuki ya kabila hata kwa maneno tu. Sheria hiyo ilikuwapo mwaka 1992, imekwisha kutimiza miaka 26. Haikuwasaidia watu wa kituo cha treni. Sheria ni kama jembe: halilimi kama limeegemezwa ukutani.

Kuna majirani waliowaficha majirani zao. Hao hawakuwa na neno jipya lolote. Walitumia maneno ya zamani: shemeji, jirani, mama fulani, rafiki wa mtoto wangu.

Kwa majirani zetu

Usidhani ni ugonjwa wa Katanga peke yake. Rwanda watu waliitwa inyenzi, yaani mende, na redio RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilichochea mauaji ya 1994. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura. Kenya, katika Bonde la Ufa, waliohesabiwa kuwa wageni waliitwa madoadoa. Doa linafanywaje? Linafutwa. Mdudu anafanywaje? Anakanyagwa. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, tume ya Kenya ya umoja na utangamano iliweka «madoadoa» katika orodha ya maneno ya chuki. Unaona basi: neno lenyewe lina amri ndani yake. Halikwambii tu mtu huyu ni nani, linakwambia na la kumtendea.

Neno linalofungua macho

Je, tuache kutunga maneno? Hasha. Yako maneno mapya yaliyookoa watu.

Mwaka 1944 mwanasheria wa Poland, Raphael Lemkin, alitunga neno «jenosaidi» kwa uovu ambao haukuwa na jina. Tarehe 9 Desemba 1948 mataifa yalitia neno hilo katika mkataba. Kabla ya hapo mwuaji wa taifa zima aliweza kujificha nyuma ya neno «vita».

Hata hapa kwetu. Wanafunzi wa vyuo vya Kongo walitunga msemo wa «pointi zinazoambukizwa kwa ngono», kwa mfano wa magonjwa. Wote walijua kuna walimu wanaouza alama kwa miili ya wasichana, lakini jambo lilinong'onwa tu, na msichana alidhani ni aibu yake peke yake. Jina lilipopatikana, watu wakacheka kwanza, halafu wakaacha kucheka. Na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya ngono imetaja kumsumbua mtu kingono kuwa ni kosa lenye adhabu.

Tazama pia neno «kadogo». Mwaka 1996 na 1997 askari wa AFDL walipoipita nchi hii mpaka Kinshasa, kati yao walikuwamo watoto. Tuliwaita kadogo. Ni neno tamu, neno la kubembeleza, na utamu wake ulifunika uovu, kwa maana mtoto alikuwa amebebeshwa bunduki. Tarehe 14 Machi 2012 mahakama ya The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri kwa kuwaingiza vitani watoto wasiofika miaka 15. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Kilichoitwa kadogo kikapewa jina lake la haki: mtoto aliyeibiwa.

Na vijana Wakongo waishio Uingereza walitunga neno «Genocost», kusema kwamba watu wetu wanauawa kwa ajili ya faida ya mali. Sheria ya Desemba 2022 imeifanya tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga hao. Neno lililotungwa na vijana limeingia katika kalenda ya taifa.

Pima neno kabla hujalisema

Sasa tofauti iko wapi kati ya neno linalookoa na neno linaloua? Nakupa maswali matatu. Yaandike ukutani kama unaweza.

Swali la kwanza: neno hili linataja tendo, au linataja mtu? Anayeitwa mwizi anaweza kuacha wizi. Anayeuza alama anaweza kuacha. Lakini anayeitwa kilulu aache nini? Aache kuzaliwa na mama yake? Neno linalotaja tendo linamwachia mtu mlango wa kutubu. Neno linalotaja asili yake linafunga mlango na kutupa ufunguo.

Swali la pili: nani analipwa na neno hili? Mwaka 1993 waliotwaa nyumba hawakutajirika. Mgodi ulikuwa umekufa kwao pia, na mafundi wengi walikuwa wameondoka. Waliofaidika walikuwa wachache, wenye vyeo.

Swali la tatu: unaweza kulisema mbele ya mwenyewe, naye akakurudishia, mkacheka wote? Sisi tuna utani kati ya makabila, nao ni dawa ya zamani. Lakini utani una njia mbili. Ukiona neno lina njia moja tu, la mwenye nguvu kumwambia asiye na nguvu, huo si utani tena.

Na kumbuka kwamba neno la kupanga watu halijui kusimama. Mwaka 1958 mgeni alikuwa mtu wa Kasai. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, nasi tukawa Lualaba. Mara watu waliokuwa Wakatanga wenzetu jana wakaanza kuulizwa: wewe ni mzaliwa wa jimbo hili kweli? Mwaka 2022 ilibidi wakubwa wa Katanga ya zamani wakutane Lubumbashi, kwa juhudi za Askofu Mkuu Fulgence Muteba, kutafuta umoja wa Wakatanga wenyewe kwa wenyewe. Duara linazidi kuwa dogo. Aliyekaa ndani leo, kesho atajikuta nje.

Leo watu wanaendelea kuja Lualaba kutafuta kazi ya shaba na kobalti. Kama wengine wanajenga ovyo, wanachimba mahali pa watu, au wanaiba, kuna njia ya kulalamika: taja tendo, taja mtu aliyelitenda, nenda kwa chifu, kwa polisi, kwa hakimu. Haki hiyo unayo. Lakini kifungu cha 30 cha katiba ya 2006 kinampa kila Mkongo haki ya kwenda na kukaa popote ndani ya nchi, na kifungu cha 66 kinakupa wewe wajibu wa kumheshimu Mkongo mwenzako bila ubaguzi. Mwalimu, neno hilo likisikika darasani, usilipite. Mhubiri, usilifanye mzaha. Mzazi, mtoto wako amelipata wapi, kama si mezani kwako?

Narudi kwa yule mtoto wa maji. Nilimweleza kilulu ni nini, na treni za mwaka 1993 zilibeba nini. Alinyamaza, akaangalia miguu yake. Halafu akaniuliza: «Sasa yaya, tubaite namna gani?»

Nikamwambia: «Bale bamama unabaitaka namna gani kwenu nyumbani?»

Akaondoka na beseni lake kichwani. Nikamsikia akimwendea mwanamke aliyekalia gunia lake, mwenye mtoto mgongoni. Akamwambia: «Mama, maji ni hii.»

Neno hilo hakuna aliyelitunga jana.